Kontroo namba imeokoa pesa, muda wetu bado unauzwa

Nina steshenari jirani na soko na siku hizi kazi kubwa ya meza yangu sio kutoa kopi tena, ni kuwafanyia watu maombi ya serikali. Leseni ya biashara, cheti cha kuzaliwa, kodi ya ardhi, kibali cha hiki na kile, mtu anakuja na bahasha ya kaki na simu yenye chaji kidogo anakwambia kaka nisaidie, na karibu mara zote tunaishia pale pale, tunasubiri kontroo namba itoke ili alipe. Kwa hiyo hii huduma naijua, naona inapofanya vizuri na naona inapokwama, na nimeona niiandikie tathmini kwa sababu watu wengi wanaisifia upande mmoja tu au wanaitukana upande mmoja tu.

Kwa walioko nje ya Tanzania, ni ile namba ya tarakimu 12 ya kulipia kitu cha serikali, ilianza mwaka 2017 kupitia mfumo wa GePG wa Wizara ya Fedha. Unapewa namba, unalipa kwa simu, benki au wakala, pesa inaingia moja kwa moja akaunti ya serikali, mtu wa dirishani haigusi.

Malipo yenyewe nayapa nyota tano na sipunguzi hata nusu. Vijana wa sasa hawakuona dirisha la mhasibu lilivyokuwa. Unafika asubuhi unaambiwa mhasibu kaenda benki, unarudi mchana kitabu cha risiti kimeisha, unapata risiti hatimaye imeandikwa kwa peni inayofifia, unaitunza kwenye begi chini ya kitanda, halafu baada ya miaka unaenda kulipa kodi ya ardhi unaambiwa mzee wangu hii miaka yote ya nyuma kwenye leja haionekani, lipa upya. Na wengine risiti zao zilikuwa za kitabu cha pembeni kabisa, pesa haikufika popote. Leo mzee wa kijijini analipia kwenye simu ya mjukuu wake, meseji inabaki, na akibishiwa anaonyesha. Kwa wakala au benki jina na kiasi vinaonekana kabla hata hujatoa hela. Hilo ni jambo kubwa, na aliyesimamia lifike huko amefanya kazi ya maana sana kwa watu wa kawaida.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma. Hiyo namba haijitoi yenyewe. Kwa huduma nyingi za halmashauri lazima kuna mtu apitie ombi, akague, akadirie, akubali, ndio bili itoke. Ombi lako linakaa kwenye akaunti ya afisa linasubiri abonyeze. Na pale kabla ya kubonyeza ndipo biashara yote ilipohamia. Zamani ulitoa kitu kidogo ili risiti ipatikane, siku hizi unatoa kitu kidogo ili namba itoke, halafu ukishaipata unalipa kihalali kabisa shilingi kwa shilingi na kwenye vitabu vya serikali kila kitu kinaonekana safi. Mkaguzi akija atakuta ombi, namba, malipo, leseni. Hatakuta wiki ambazo ombi lilikaa bila kuguswa, na hata akizikuta ataambiwa mtandao ulikuwa chini.

Nitoe mfano wa mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, halmashauri sitaitaja. Alitaka kufungua mgahawa. Alipata fremu nzuri, yaani chumba cha biashara, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mbele kama ilivyo kawaida yetu, akalipa. TIN, yaani namba ya mlipakodi, anayo, kitambulisho cha taifa cha NIDA anacho, mkataba wa pango upo, tukajaza ombi kwenye TAUSI, ule mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, fasta hapa mezani. Kilichobaki ni afisa afya afike akague jiko, maji ya kunawa na choo. Hapo ndipo danadana ikaanza. Leo afisa yuko kwenye kikao, kesho yuko semina, keshokutwa yupo lakini gari haina mafuta. Huku kodi ya fremu inakimbia, mhudumu aliyemuahidi kazi anampigia kila siku, masufuria yamekaa kwenye boksi. Mwisho akaambiwa kwa upole kabisa, mama, ukituwezesha hela ya mafuta tunafika leo leo. Akatoa. Mkaguzi akaja kwa bodaboda, akasimama mlangoni, akaangalia ndani akiwa amesimama pale pale, akaandika, akaondoka. Choo hakukifungua na bomba hakulijaribu.

Hapa tukubaliane kitu kimoja. Watu wakiongelea rushwa ya namna hii wanasema mama wa watu kaibiwa elfu kadhaa, ni kweli, ila hasara kubwa sio ile. Kile kibali kipo kwa ajili ya mlaji, kwa ajili ya wewe na mimi tutakaokula pale, tusipate kuhara wala kipindupindu. Ukaguzi ulionunuliwa haujakagua chochote, kwa hiyo mama kapoteza hela, wateja wamepoteza ulinzi, na halmashauri inahesabu kwamba imefanya ukaguzi. Na jirani yake ambaye aligoma kutoa, yeye alikaguliwa kweli, ila kwa vipande. Safari ya kwanza kaambiwa apake ukuta rangi ya mafuta. Kapaka. Safari ya pili kaambiwa dirisha halina wavu, ambalo lilikuwepo vile vile ile safari ya kwanza. Kaweka. Safari ya tatu beseni la kunawia liko upande usiofaa. Hakuna kati ya hayo lililo la uongo, yote ni masharti ya afya ya kweli, lakini angeweza kupewa yote siku moja kwenye karatasi moja. Sharti halali likitolewa kwa vipande linageuka kuwa kitu cha kumchosha mtu mpaka aelewe anachotakiwa kufanya.

Ndio maana nakataa kabisa ule msemo kwamba kitu kidogo ni mafuta ya kulainisha mashine, kwamba bila hivyo mambo hayaendi. Nimeusikia mpaka kwa watu waliosoma. Inaharakisha ya kwako, sawa. Lakini fikiria upo upande wa pili wa meza. Afisa anayeweza kumaliza mafaili ya leo yakaisha leo, atauza nini? Hana cha kuuza. Ili kasi iwe na bei lazima kwanza ucheleweshaji uwepo, na kama haupo lazima utengenezwe. Kwa hiyo foleni unayoikuta pale nje, sehemu yake ni watu wengi na watumishi wachache, nakubali, ila sehemu nyingine imepangwa iwepo. Na kila anayelipa aruke mbele anamsukuma nyuma yule asiyelipa, ambaye naye sasa anaona hana njia. Msomi mmoja wa Marekani, Robert Klitgaard, aliliweka kama hesabu miaka ya 80, kwamba rushwa ni ukiritimba ujumlishe na uhuru wa mtu mmoja kuamua, utoe uwajibikaji. Ofisi ni moja tu, huwezi kwenda kuomba leseni ya mtaa wako kwenye halmashauri nyingine. Anayeamua ni mmoja. Na akichelewesha hakuna anayemuuliza. Yote matatu yapo pale kwenye kile kitufe.

Kwenye ujenzi ndio kubaya zaidi kwa sababu faili la kibali linapita kwa watu wengi, mipango miji, ardhi, mhandisi, afya, na jengo kubwa zimamoto pia, na kila meza ni sehemu ya kusimama. Matokeo yake kila mtu anayajua. Watu wanajenga bila kibali. Anaanza msingi Jumamosi na Jumapili, anapandisha haraka, na siku wakija wanamchorea X nyekundu ya kubomolewa ukutani, na ile X nayo inakuwa mwanzo wa mazungumzo mengine. Halmashauri imekosa ada ya kibali, mhandisi hajaona nondo zilizowekwa, na mtaa unabanana mpaka gari la zimamoto au la kunyonya maji taka haliingii. Miaka kumi baadaye serikali inaleta mradi wa barabara au mfereji inabidi ilipe fidia kwa nyumba ambazo zisingekuwa pale. Gharama ya kucheleweshwa kwa kibali kimoja inakuja kulipwa na mtaa mzima.

Upande wa ushuru mdogo mdogo, soko, stendi, taka, kule kuna mashine za POS, zile za mkononi za kukusanyia na kutoa risiti, na niseme ukweli zimesaidia kuliko vile vitabu vya ushuru vya zamani. Ila ukisoma ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa utakutana na hoja hiyo hiyo inarudi, makusanyo yamepita kwenye POS hayakufika benki, mashine zimezimwa au hazionekani, kuna walioitumia fedha mbichi kabla haijapelekwa. Mashine inatoa risiti sawa, ila kati ya mkusanyaji na benki bado kuna mkono wa mtu na siku kadhaa. Halafu sokoni taka hazizolewi, tunauliza gari liko wapi tunaambiwa hakuna bajeti ya mafuta. Mfanyabiashara wa nyanya aliyelipa ushuru wake asubuhi anaona haya yote kwa macho, ndio maana kesho yake mkusanyaji akipita anajificha, na mimi siwezi kumlaumu sana.

Kuna sehemu ambazo serikali yenyewe ilishaonyesha inaweza, na ndio maana nasema sio jambo la kukata tamaa. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto chini ya miaka mitano. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, walianza ule mpango Mbeya mwaka 2013 na kuusambaza mikoa mingine, mzazi anaenda ofisi ya kata au kituo cha afya, anasajili, anaandikiwa cheti palepale bure, taarifa zinatumwa kwa simu. Hakuna safari ya wilayani wala ya kurudi baada ya wiki mbili. Mtu wa kukuomba chochote hayupo kwa sababu hakuna kinachosubiriwa. Akina mama wanaokuja hapa kwangu kwa cheti cha namna hiyo wanakuja kutoa kopi tu, kile chenyewe wameshapata. Linganisha na mtu mzima wa miaka 40 anayetafuta cheti chake kwa mara ya kwanza ili apate kitu fulani, uone anavyozungushwa.

Au kodi ya majengo. Kuanzia Agosti 2021 ikawa inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda ikawa 1,500. Mthamini wa kuja kukadiria nyumba yako kwa kuangalia sura yako hayupo tena, hakuna kubembelezana, ukinunua umeme umelipa. Mianya ya mazungumzo imekufa kabisa. Ila hapa nina lawama, na naomba mnielewe. Kwenye nyumba nyingi anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo kodi ya mwenye nyumba inalipwa na mpangaji, na aliye na chumba kimoja cha kupanga anabeba mzigo wa mwenye jengo asipofidiwa kwenye kodi yake ya pango. Kumuondoa afisa mwenye kuamua kuna bei yake, unaondoa rushwa pamoja na akili ya kupambanua nani alipe. Mimi bado nachagua hii kuliko mthamini wa zamani, ila inahitaji marekebisho.

Kitambulisho cha machinga, wafanyabiashara wadogo wa barabarani, cha mwaka 2018 nacho kilikuwa hivyo hivyo, elfu ishirini kwa mwaka kwa mwenye mauzo chini ya milioni nne, mgambo akija unakionyesha hakudai zaidi. Kwa muda ule amani ilionekana barabarani. Tusonge.

Sasa nije kwa watumishi, kwa sababu sitaki ionekane kila aliyeko ofisini ni mwizi. Hapana. Nawajua wanaopokea simu usiku, wanaokwambia kaka hii nyaraka imekosewa rekebisha nitaipitisha asubuhi, na wanaipitisha. Hao ndio wanaoumia zaidi. Akimaliza mafaili yake haraka wenzake wanamuona anaharibu, na meza yake inajazwa kazi za watu wengine. Na ile hela ya mafuta, kuna siku ni kweli gari haina mafuta! Idara ina gari moja bovu na fungu la mafuta limeisha mwezi wa pili wa robo mwaka. Tume ya Jaji Warioba mwaka 1996 ilishatofautisha hayo mambo, rushwa ndogo ya mtumishi ambaye kipato hakimtoshi na rushwa kubwa ya tamaa ya wenye nafasi. Tofauti ipo na ni muhimu kwenye kutafuta dawa. Lakini kwa yule mama mwenye fremu iliyofungwa matokeo ni yale yale, na zaidi, afisa akishazoea kwamba mafuta yananunuliwa na mwombaji, haombi tena fungu la idara lifike, na mkubwa wake haoni upungufu wowote kwa sababu ukaguzi unafanyika. Kero halisi ya ofisi inafichwa na mfuko wa mwananchi. Kama usafiri wa ukaguzi una gharama, basi iingizwe kwenye ada, iandikwe, ilipwe kwa kontroo namba hiyo hiyo. Watu watalipa. Tayari wanalipa!

Kuhusu kuripoti, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, ni bure. Wanaweza kuweka mtego, unapewa fedha zilizowekewa alama, wanamkamata. Inafanya kazi kwa anayeomba waziwazi. Kwa ucheleweshaji wa kimya kimya ni ngumu, hakuna aliyetamka neno, huna cha kurekodi, umeambiwa tu subiri. Pia watu wanaogopa kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika mtoaji na mpokeaji wote, mtu aliyeshatoa anaona akienda kusema anajipeleka mwenyewe. Ipo sheria ya ulinzi wa watoa taarifa ya mwaka 2015, ila sokoni kwetu ukiuliza watu kumi kama wameisikia utapata macho tu. Na kuna hofu ya kawaida kabisa, kwamba leseni ni ya kila mwaka, mwakani nitarudi kwenye meza ile ile.

Ushauri wangu kwa wateja ni huu, nauambia kila anayekaa kwenye kiti changu. Ukipeleka karatasi usiiache bila nakala yako kugongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mhuri huo ndio unaanza kuhesabu siku. Uliza Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa ofisi ile, nyingi wanao, mara nyingi umebandikwa ukutani au kwenye tovuti yao, umeandika siku ngapi huduma ichukue, piga picha. Siku zikipita andika barua fupi ya kistaarabu kwa mkurugenzi, taja tarehe ya mhuri na siku zilizoandikwa kwenye mkataba wao wenyewe. Usitukane, usimtuhumu mtu, uliza tu ombi lako liko hatua gani. Nimeona mafaili yaliyolala yakiamka kwa barua ya aya mbili. Kwenye mfumo piga picha ya skrini kila hatua, ile inayoonyesha ombi linasubiri nani. Mkaguzi akija muombe aandike kasoro zote siku hiyo na asaini. Na hela yoyote unayoambiwa utoe, uliza inalipwaje kwa kontroo namba, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu. Swali hilo moja limewaokoa wateja wangu wengi kuliko ugomvi wowote.

Kwa wanaosimamia mifumo, TAMISEMI, ile ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, na wenzao, ombi langu ni dogo. Siku ombi linapoingia na siku namba inapotoka mnazo, zimo ndani ya mfumo wenu. Zitoeni. Kila halmashauri, kila idara, wastani wa siku kutoka ombi mpaka namba, zibandikwe pale kwenye ubao wa matangazo pamoja na mapato na matumizi. Ombi likipita muda wa mkataba lisibaki kwa yule yule, lipande lenyewe kwa mkubwa wake na mwombaji apate meseji. Na maombi yagawiwe na mfumo, sio mtu achague lipi aanze nalo. Mmeshaweza kulinda shilingi mia ya ushuru isipotee njiani, siku ya mwananchi nayo ina thamani.

Nyota zangu basi. Malipo, tano. Urahisi wa kujaza, nne, inategemea na mtandao. Hatua ya kabla ya namba, moja na nusu, na hiyo nusu ni ya wale watumishi wanaopitisha asubuhi. Mgahawa wa yule mama uko wazi, wali maharage wake ni mzuri, na leseni yake inaisha mwakani kwa hiyo nimemwambia tuanze maombi mapema, nakala na mhuri mkononi.